Mgongo Wangu Ukutani kwa Leopold

Ninyi mnaomeza dawa za kifua kikuu sasa hivi, mlio wodini na mliotengewa kikombe na sahani majumbani kwenu, nawaandikia nikiwa nimeshapona. Wengi watawaambia mshike sala. Sala si mbaya. Mama yangu alinisalia mpaka rozari ikamkatikia mkononi. Lakini mimi nitawaambia la kwangu. Kilichonifanya nimeze vile vidonge kila asubuhi, hata siku nilizovitapika nikaomba vingine, kilikuwa hasira. Nilitaka nipone ili mtu mmoja anione nimepona.

Mtu huyo ni Leopold, mume wangu wa ndoa ya kanisani.

Tulikuwa tunakaa Kasense, pembeni mwa mji wa Sumbawanga. Leopold alikuwa karani wa ghala la ushirika, mimi nilikuwa fundi cherehani. Ruksa ilipokuja, kila mwenye uwezo akaruhusiwa kununua na kuuza mazao, naye akaliacha ghala akaingia kwenye biashara. Akawa anashuka bondeni Mtowisa kufuata mpunga, anapanda na magunia, anashuka tena na sabuni, khanga na redio. Mambo yakamnyookea upesi. Alianza kuvaa miwani ya jua hata siku za mawingu.

Mimi nami nikaanza kukohoa. Nilidhani ni vumbi na ule upepo wetu wa Juni unaopenya hadi kwenye meno. Kisha sketi ikaanza kunizunguka kiunoni yenyewe. Usiku nalowa jasho hadi shuka linakamulika, na nje ni baridi ya kuvaa makoti mawili. Siku moja nilikuwa nashona gauni jeupe la komunyo ya kwanza la binti wa jirani, nikakohoa, na matone ya damu yakaangukia kifuani mwa lile gauni. Taa ya moyo wangu ilizimika pale pale. Nilijua.

Miaka ile mtu akikonda, watu hawakuuliza swali la pili. Wifi yangu Fides, dada yake Leopold tuliyekuwa tukiishi naye, alinitengea kwanza sahani, halafu kitanda, halafu akamkataza binti yangu Judita asinikaribie. Judita alikuwa bado hajaanza shule. Alikuwa anasimama mlangoni akinitazama, kidole mdomoni, na mimi namtazama, tukikaa hivyo mpaka Fides aje amvute.

Hospitalini niliambiwa niteme makohozi kwenye kikopo, asubuhi kabla sijala, nirudie tena kesho yake. Kwenye benchi la kusubiri wote tulikuwa tumeshika vikopo vyetu chini ya khanga kama watu waliokuja kuuziana magendo. Majibu yalipotoka, Sista Imelda, muuguzi wa wodi yetu, alinishika kiwiko akasema, "Ni kifua kikuu, Skola. Kinapona. Lakini kinataka mtu mkaidi. Wewe ni mkaidi?"

"Muulize mume wangu," nikamjibu.

Wodi yetu ilikuwa jengo la nyuma, karibu na mikaratusi. Sindano kila siku, upande huu leo, upande ule kesho, mpaka ukikaa unachagua tako. Vidonge vingine vilikuwa vyekundu, vikaugeuza mkojo wangu rangi ya chungwa. Siku ya kwanza nilipiga kelele chooni nikidhani natoa damu. Masikio yakaanza kulia kama nzi aliyenaswa ndani ya chupa, na la kushoto halikurudi vizuri hadi leo. Haya nawaambia ili msishtuke kama nilivyoshtuka mimi.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Mama Kulwa, Msukuma mtu mzima ambaye familia yake ilihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao. Wanawe walipopanda kumwona walileta maziwa kwenye kibuyu, na hakuwahi kuyanywa bila kunimiminia. Mimi nililetewa na Leopold mkate mara mbili. Mara zote mbili alisimama nje ya dirisha, kitambaa puani, akaupitisha ule mkate kwenye nondo.

"Judita hajambo?" nikamuuliza.

"Hajambo. Wewe pumzika." Akaangalia saa. "Gari linanisubiri."

Mara ya tatu hakuja.

Sasa nije kwa mzee mmoja wa Kidenmaki. Mke wake alikuwa amekuja kuwafundisha watu wa maabara yetu kazi ya hadubini. Yeye alikuwa mchoraji, hana kazi nyingine, anazunguka na kibao chake na suruali iliyopauka magotini. Aliitwa Anders. Siku moja alisimama mbele ya kitanda changu, mrefu kama nguzo ya simu, akasema kwa heshima kubwa, "Shikamoo, mama."

Ana umri wa kumzaa mama yangu! Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nilazwe, na kicheko kikageuka kikohozi, Mama Kulwa akanishika mgongo.

"Mimi nachora," akasema nilipotulia. "Wewe kaa, dirisha. Uso hapana. Mgongo."

"Mgongo wangu una nini?"

Akafikiri. "Kimya," akasema.

"Mzee, mimi siko kimya. Kifuani nina mambo mengi kuliko haya makohozi."

Sista Imelda akamtafsiria. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa. "Vizuri," akasema. "Kaa na mambo."

Basi nikakaa nayo. Alasiri baada ya alasiri, wakati jua linaingia dirishani, nilikalia kiti cha mbao nikaipa mgongo wodi nzima. Mbele yangu kulikuwa na kamba ya nguo na mikaratusi ikiinama kwa upepo. Nyuma yangu nilisikia brashi yake inakwaruza. Watu waliopita waliongea kwa sauti ya chini kama wako kanisani. Mimi pale kitini nilikuwa namwona Leopold na miwani yake ya jua, na nilikuwa namjibu maneno yote ambayo sikumjibu pale dirishani.

Fides alikuja siku picha inakaribia kwisha. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti. Alinieleza kwamba kaka yake anajenga Mtowisa, nyumba ya bati, kwa ajili ya biashara. Kisha macho yake yakaangukia kwenye picha, akafanya ishara ya msalaba.

"Wazungu humchora mtu akiwa anaondoka," akasema.

"Nani amekuambia naondoka?"

Aliaga akaenda zake.

Alipotoka nikaomba kuiona. Wodini hatukuwa na kioo, sikuwa nimejiona tangu nilazwe. Khanga yangu ilikuwa nyekundu yenye maua ya njano. Yeye ameipaka rangi ya majivu. Ukuta majivu, sakafu majivu, dirisha jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Na katikati kuna mwanamke ameinamisha kichwa kidogo, shingo yake kama ya kuku aliyenyonyolewa, mifupa ya mabega imeinua nguo, nywele chache zimebaki kisogoni. Nililia. Nilimlilia yule mwanamke kama mtu mwingine.

"Mzee, weka basi khanga yangu nyekundu," nikamwambia.

"Nyekundu, kelele," akasema.

"Nataka ipige kelele."

Akacheka, wala hakuiweka. Nikamkasirikia na yeye; siku zile sikuwa mchoyo wa hasira. Lakini aliniahidi kwamba rangi ikikauka, picha ni yangu.

Haikunifikia. Wodi ilijaa, sindano zangu zilikuwa zimekwisha na makohozi yamekuwa safi, nikaambiwa nikamalizie vidonge nyumbani. Nyumbani kwangu Fides alikuwa amebadilisha kufuli, na Judita yumo ndani. Mama akaja kunichukua, tukaenda kijijini kwao, Kate, na picha ikabaki inakauka.

Kate nilifika mvua za kwanza zinanyesha. Kaka yangu alinipa chumba cha nyuma. Mke wake aliogopa, simlaumu, alikuwa na mtoto mchanga. Siku ya kwanza tulipokaa kula, kila mtu alivuta sahani yake upande. Mama akachukua kikombe changu cha uji wa ulezi, akanywa nusu mbele yao wote, akapangusa mdomo, akanirudishia. Tangu siku hiyo watoto wa kaka walikaa popote.

Vidonge vikaendelea. Wenzangu walipanda mahindi, mimi nikimeza. Walipalilia, mimi nikimeza. Miezi ya njaa, tunapokula majani ya maboga na kungoja, nilivimeza tumbo likiwa tupu na kichwa kikizunguka. Mahindi mabichi yalipoiva nikawa nakula ya kuchoma mpaka kaka akasema nitalimaliza shamba. Mwili ukaanza kurudi: kwanza mashavu, kisha matako, nikaweza kukaa bila kuchagua upande. Hapo ndipo wengi wanaachia njiani. Unajiona mzima, unasema vidonge vya nini tena. Msiache. Na mimi ningeacha, nakiri, kama nisingekutana na Mama Kulwa.

Nilikuwa nimerudi Sumbawanga kupimwa tena. Nimekaa kwenye lile benchi, kikopo chini ya khanga, akaingia yeye, amenenepa, shanga shingoni. Aliponiona aliachia kikapu chake kikaanguka.

"Wewe!" akasema. "Wewe mbona umekufa?"

Watu wote wakageuka.

"Nimekufa wapi, Mama Kulwa? Si mimi huyu."

Akanishika uso, akanibonyeza mikono kama anayenunua kuku sokoni. Kisha akakaa chini, akanieleza. Alikuwa amepeleka maziwa kwenye nyumba mpya ya bati pale Mtowisa. Sebuleni akaiona picha: dirisha la wodi yetu, kile kiti, na mgongo ambao alikuwa ameushika mara ngapi nikikohoa. Akauliza. Mwenye nyumba akavua miwani yake ya jua, akafuta macho, akasema huyo ni marehemu mke wake, mzungu alimchora siku zake za mwisho.

"Nililia mbele ya picha yako," akasema Mama Kulwa. "Wote tulilia. Watu wamempelekea kuku na mchele wa msiba, maskini mfiwa. Mzee Gaspari amemhurumia, anampa binti yake, Agripina. Padre ameshaambiwa ni mjane. Harusi ni baada ya kuvuna mpunga."

Sista Imelda alinikuta nimesimama, nimeshafunga khanga kiunoni.

"Unakwenda wapi?"

"Mtowisa."

"Na dawa?"

"Dawa baadaye."

Akanikalisha kwa nguvu. "Ukienda sasa ukaanguka njiani, utakuwa umemsaidia. Atakuzika kweli. Maliza dawa kwanza. Mpunga bado haujavunwa."

Alisema kweli. Baadaye nilipita kwa mke wa mzee Anders, akanithibitishia kwa aibu: mwanaume alikuja akasema yeye ndiye mume wangu, na mzee, mtu mwema, akampa picha na mkono wa pole juu. Mzee mwenyewe alikuwa ameshatangulia kurudi kwao Denmaki.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Kasense kumwona mwanangu. Judita alikuwa uani anachota maji kwenye ndoo. Nikamwita. Akaniangalia, akaitupa kata, akakimbilia ndani akipiga kelele, "Mzimu! Shangazi, mzimu!"

Magonjwa yana maumivu yake, lakini nawaambia, hakuna sindano iliyonichoma kama ile.

Fides akatoka, akasimama, mikono kichwani.

"Mmemwambia nini mtoto?" nikamuuliza.

"Ningefanyaje, wifi? Kaka alisema tuanze kumzoesha."

Kumzoesha! Mimi nikiwa Kate namwombea mwanangu, wao wanamzoesha. Niliingia ndani nikamkuta chini ya kitanda. Sikumvuta. Nililala sakafuni kando ya kile kitanda, nikaongea naye habari za kuku wa bibi yake, hadi mkono wake mdogo ukatoka ukanigusa kidole, ukarudi, ukatoka tena. Nikaondoka naye. Fides hakuthubutu kusimama mlangoni.

Tangu hapo sikukosa kidonge hata kimoja. Kila asubuhi niliviweka kiganjani, nikasema, "Leopold," nikameza. Mama aliniambia niseme jina la Bwana Yesu. Nikamwambia yeye amtaje Yesu, mimi nitamtaja Leopold, tuone nani atachoka.

Siku walipoandika kwamba nimepona, nilishona gauni. Kitambaa chekundu, mikono ya kupuliza, mtindo uliokuwa ukivaliwa mjini wakati ule. Nikashuka bondeni na lori la wafanyabiashara wa mpunga. Ile barabara ya kuteremka inakutoa roho, na joto la kule linakupokea kama limekufungulia oveni. Nililala kwa Mama Kulwa. Asubuhi akanipa maziwa, akanipaka mafuta mwenyewe, akasema, "Wamekusanyika leo, wanapanga harusi. Mimi natangulia na kibuyu changu. Wewe nifuate."

Niliingia bila kupiga hodi. Sebuleni walikuwa wamekaa wazee kwa akina mama, Mzee Gaspari kwenye kiti kikubwa, Agripina pembeni ameinamisha macho. Leopold alikuwa amesimama anaongea. Nyuma yake ukutani, mimi: mgongo wangu, shingo yangu ya kuku, khanga yangu ya majivu.

Sikumwangalia. Nilipita katikati yao mpaka kwenye picha, nikasimama kando yake nikiwapa mgongo, ili waufananishe. Nikasikia kimya kinavyoingia mle ndani. Kisha nikageuka.

"Shikamooni, wazee," nikasema. "Mimi ndiye marehemu."

Mama mmoja akaanguka kwenye mkeka.

"Leopold," akasema Mzee Gaspari taratibu, "huyu ni nani?"

"Mzee, huyu... alikuwa anaumwa sana. Mimi niliambiwa..."

"Nani alikuambia?" nikauliza. "Mtaje. Ulikuja Kate? Ulitupa udongo kaburini? Nani alikushika mkono?"

Agripina aliinua macho yake, akamwangalia yule mwanaume kutoka viatuni mpaka usoni. Akaivua saa ya mkononi aliyokuwa amepewa, akaiweka juu ya meza, akanijia. "Shikamoo, dada," akasema. "Pole kwa kufa." Nami nikamwitikia, marahaba mdogo wangu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Kitini pale wodini na Kate shambani nilikuwa nimetunga maneno ya kumchoma mtu mpaka mfupa. Nikaona sina haja nayo. Uso wake ulikuwa umekuwa kama mashavu yangu ya wodini, umeingia ndani.

Niwaambie kwanza yaliyokuja baadaye, halafu nirudi siku ile, maana ndiko ninakotaka kumalizia. Harusi haikuwapo. Bondeni hakuna tena aliyemuuzia Leopold mpunga, akahamia Mpanda. Alimtuma padre kwangu. Padre akaniambia, "Skolastika, umsamehe mwenzako." Nikamjibu, "Nitamsamehe, Padre. Sijasema lini." Mpaka leo sijasema. Watu wanasema kinyongo kinaua. Mimi kiliniponya, na sikitupi kwa sababu tu sasa nina afya. Judita anasoma, ni mrefu kunishinda. Picha ninayo, nimeiweka sebuleni. Wageni wakiiangalia husema, huyu mama ametulia kweli, ana amani. Siwabishii. Nawamiminia chai.

Basi siku ile. Mzee Gaspari alisimama, akavaa kofia yake.

"Wewe bwana ulileta msiba wa uongo kwenye kijiji chetu," akasema. "Watu walikulilia. Walikupa kuku wao. Sasa utautoa msiba wako, nyumba kwa nyumba, kila aliyekupa pole. Na marehemu atakwenda nawe waone."

Leopold akaniangalia kama anayeomba nimwombee. Nilirekebisha mikono ya gauni langu.

Tukatoka. Jua la Mtowisa lilikuwa limesimama juu ya utosi. Yeye mbele, mimi nyuma yake na gauni jekundu, nyuma yangu Mama Kulwa na kibuyu, na nyuma yetu watoto na wanawake wakizidi kila nyumba. Kila mlango alivua miwani yake, akasema, "Niliwaambia mke wangu amekufa. Yu hai. Niliwadanganya." Bibi mmoja alinishika mkono akaupapasa wote, akalia upya. Wengine walicheka. Baba mmoja alidai kuku wake palepale. Tulipita kwa wavuna mpunga, tukapita kwa wafuga ng'ombe, shati la Leopold limemganda mgongoni na sauti imemkauka. Mimi sikuchoka. Nilikuwa navuta pumzi mpaka chini kabisa ya kifua, na hakuna kilichokwama.

Nyumba ya mwisho alikaa mzee mmoja kiziwi, kwenye kigoda chini ya paa lake. Leopold akasimama mbele yake, akasema yale maneno kwa mkwaruzo tu, kichwa chini, kisha akageuka aondoke.

Yule mzee akaweka kiganja sikioni. "Anasemaje?"

"Hajasikia," nikamwambia Leopold. "Rudia. Kwa sauti."